Ngano ya Sekhobe

Nani kakwambia Mamello alifukuzwa kanisani? Hakufukuzwa bwana. Alitoka mwenyewe, tena mbio, viatu mkononi, na wimbo yeye ndiye alikuwa wa kuuanzisha! Ngoja nikupe vizuri.

Ilikuwa Jumapili, huku kwetu milimani Lesotho, ngano imeshapurwa. Mamello, kiongozi wa akina mama, kaketi karibu na mlango na blauzi yake nyekundu ya sare, ile isiyotakiwa kuona hata vumbi, na blanketi kalifunga mabegani kwa pini kama sisi wote. Na Jumapili hakuna kazi. Hata sindano inalala. Mara upepo ukageuka. Akachungulia nje: wingu jeusi, tumbo lake la kijani. Mvua ya mawe hiyo!

Bondeni hapo chini ya kanisa, Ntate Sekhobe, yaani Mzee Sekhobe, yuko peke yake kwenye uwanja wa kupuria. Farasi alimwangusha, mguu umefungwa vijiti, naye anahangaika kusukuma ngano kwa ubao. Chakula chake cha mwaka mzima, lundo wazi, halina hata gunia juu.

Sasa, huyu Sekhobe ndiye aliyeacha ng'ombe wake wakamaliza mahindi ya Mamello. Mama wa watu alipokwenda kulalamika, akajibiwa, "Si unaye Mungu? Mwambie aje awafukuze."

Basi moyo wa Mamello ukamwambia, tulia mama, Mungu kaja leo. Akatulia. Mhubiri anaendelea, yeye kakaa kama kakalia mwiba.

"Bwana, mbona unanifanyia hivi," akanong'ona. Akavua viatu.

Nthatisi, jirani yake wa benchi, akamvuta sketi. "Wewe! Unaenda wapi? Wimbo wako unakuja!"

"Mtauimba huko chini. Njooni na mablanketi!"

"Leo Jumapili, Mamello! Na yule ni Sekhobe!"

"Kwani mawe yanajua Jumapili?"

Huyoo, kateremka! Blanketi la kanisani kwetu ni heshima ya mtu, hulitupi chini hovyo. Yeye akachomoa pini, akalitandaza mavumbini, akaanza kuzoa ngano kwa mikono.

Sekhobe kaduwaa. "Mama, umekuja kunicheka?"

"Nitakucheka baadaye, ntate. Shika ncha hiyo!"

Ngurumo ikapasua. Mamello kugeuka, mlango wa kanisa unatema watu! Nthatisi mbele, ananung'unika huku anakimbia. Mhubiri nyuma, joho kalikunja mpaka magotini. Watu wanne blanketi moja, panda, shuka, panda tena! Paa la karibu ni la kanisa tu, basi ngano ikamwagwa pale pale mbele ya madhabahu. Na wimbo ukaanzia njiani, sauti zinatweta.

Jiwe la kwanza likagonga bati, paa! Blanketi la mwisho nalo likaingia, Sekhobe juu yake kama bwana harusi, anapiga kelele, "Nishusheni! Watu watadhani nimeokoka!"

"Hujaokoka, ntate, umevunjika mguu tu," akasema Mamello.

Kicheko kikashindana na mawe. Nje kote kukawa kweupe.

Sekhobe akaitazama ngano yake, kavu kabisa. Akamgeukia Mamello. "Mama... yale mahindi yako..."

"Najua, ntate. Pole na mguu."

"Basi chemsheni hii! Sili msipokula na mimi!"

Sufuria ya akina mama ikatolewa, Nthatisi akaleta maharage. Mhubiri akakohoa, akasema mahubiri hayajaisha.

"Yatasubiri, ntate," Mamello akamwambia, "njoo ukae."

Wakakaa wote, Sekhobe benchi la mbele, mguu kaunyoosha, wakala ngano ya moto.