Sauti Iliyohama Mdomo

Jumamosi hiyo Kibii aliegemeza godoro lake ukutani, akatundika blanketi dirishani, akazima friji kwa sababu hunguruma, na maziwa yaliyokuwa ndani akayanywa yote yasije yakaharibika. Halafu akavisha soksi kwenye waya aliokuwa ameukunja duara, akausimamisha mbele ya maiki ili mate ya mwimbaji yasiifikie. Siku nyingine zote alitengeneza simu pale steji ya matatu, mtaani Kaptembwo. Jumamosi chumba chake kilikuwa studio, na aliyekiita chumba alisahihishwa.

Mwimbaji wa siku hiyo alikuwa jirani yake Mugure, ambaye hukaanga chipo za viazi karibu na soko. Kibii alikuwa amemsikia akiimba bafuni, lile bafu la mabati linalotumiwa na wapangaji wote wa ploti, na alisikiliza hadi akapitwa kwenye foleni na ndoo yake mkononi. Alimshauri waanze na wimbo wa mtu mwingine, kwa sababu watu hawana subira na wimbo wasioujua. Mugure akachagua wimbo wa zamani wa mapenzi ambao mama yake huuimba akipalilia viazi kule Dundori, akiuharibu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mugure hakuwa na haja ya umaarufu. Alitaka mama yake, Wangeci, amsikie akiimba, hata kama ni mara moja. Wangeci alikuwa na tabia ya kukamua ng'ombe huku simu ikimchezea nyimbo za Mama Mchungaji wa kanisa la Mugure, na kila alipopiga simu alimwuliza bintiye kwa nini hajifunzi kitu kwa huyo mama, ilhali wako kwaya moja. Swali hilo lilimchoma Mugure.

Woga wake ulikuwa wa kupindukia. Alikunywa maji moto yenye tangawizi, akaenda msalani, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akavaa hedifoni, Kibii akaanzisha biti. Mugure akafungua mdomo, na sauti yake ikatoka mdomoni mwa Kibii, aliyekuwa akitafuna mandazi.

Ilikuwa sauti nzuri, nyororo, ya kike, na ilitoka na makombo. Kibii aliimba ubeti wa kwanza wote akijaribu kumeza kati ya mistari. Kisha akasimamisha kompyuta na, kama fundi yeyote, akashuku waya kwanza. Alichomoa kila kitu, akapuliza, akachomeka. Wakarudia. Sauti ikatoka kwake tena, safari hii bila mandazi, na kusema kweli ilikuwa safi zaidi.

"Hii si waya," Kibii akasema. "Wacha nitoke, ubaki solo."

Alitoka, akafunga mlango, akaenda mbali hadi barabarani. Owuor, keateka anayesimamia ploti, alikuwa kwenye mfereji wa kuchotea maji akiwagombeza wapangaji wanaomwaga makombo ya ugali kwenye mtaro. Katikati ya maneno, Mugure alipoanza kuimba kule ndani, aliacha kugomba, akaimba kiitikio, akakimaliza vizuri, kisha akaendelea na mambo ya mtaro pale alipokuwa ameachia. Baadaye alimtafuta Kibii. Hakulalamika kwamba mdomo wake ulitumiwa bila ruhusa. Aliomba tu wimbo ushushwe kidogo, kwa sababu ile sehemu ya juu ilimkwaruza koo na yeye kazi yake ni ya kupiga kelele.

"Sauti yako ni mwoga kuliko wewe, siste," Kibii alimwambia Mugure. "Ikiona noma inaruka kwa msee mwingine, mtu hana wasiwasi."

Mugure akakaa kwenye kiti, akafikiria kanisa.

Alipojiunga na kwaya, kitambaa cha sare kilikuwa kimeisha dukani, na chake kilikatwa kwenye jora jingine, zambarau iliyokolea kidogo kuliko ya wenzake. Mwalimu wa kwaya ni mtu anayeweza kuvumilia dhambi nyingi, lakini si rangi mbili. Akamsimamisha nyuma ya Mama Mchungaji, ambaye Mungu amemjalia mabega ya kumficha mtu. Kabla ya hapo Mama Mchungaji aliimba kama geti linalodai grisi, na waumini walimwombea kimyakimya. Kuanzia Jumapili hiyo aliimba hadi wanaume wazima wakatafuta leso. Kila mwaka husimama kutoa ushuhuda wa jinsi alivyofunga na kulia hadi akapewa sauti, na Mugure hupiga makofi pamoja na wengine, kwa kuwa ni ushuhuda unaogusa. Mugure mwenyewe aliamini kwamba akisimama kwaya hukaukiwa sauti, na kwamba wanamvumilia kwa huruma.

Sasa alielewa sauti yake ilikokuwa ikienda, akakasirika. Alikasirika hadi masikio yakamwaka, si kwa ajili ya yale makofi, bali kwa ajili ya simu ya mama yake pale zizini. Alimpigia mwalimu wa kwaya papo hapo, akamweleza yote. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikubali kwamba hata yeye alikuwa ameshuku kitu kama hicho, maana Mama Mchungaji huvuta pumzi wakati usiofaa. Kisha akamkumbusha kwamba kitambaa chake bado kilikuwa kimekolea, na kwamba kesho asimame palepale.

Kibii hakuwa mtu wa kwaya na hakutaka kuingilia. Alichotaka ni wimbo. Akachukua kompyuta, akavuta waya hadi bafuni, akaifunga maiki kwenye msumari wa kutundikia taulo. Owuor akasimama mbali kidogo njiani akiwarudisha watu na ndoo zao, akisema ndani kuna mgonjwa. Kibii alimwambia Mugure kwamba wanajaribu mitambo tu, hakuna kinachorekodiwa, na kwamba yeye anaenda kula. Hata aligongagonga sahani ili amwamini. Mugure aliupa mlango mgongo, akasimama na kandambili kwenye sakafu iliyolowa, akaimba wimbo wote. Kwa kuwa aliamini hakuna anayesikiliza, sauti ilikaa mahali pake. Kwenye ubeti wa mwisho bomba lilidondosha maji, na Kibii aliamua kutoifuta sauti ya matone kwenye rekodi kwa sababu yalikuwa yanafuata mdundo vizuri.

Alasiri Wangeci akaingia kutoka Dundori na gunia la viazi vya chipo, kama kawaida yake ya Jumamosi. Akaelekezwa studio kwa Kibii, akakataa kiti, akakaa kwenye vyuma vya kitanda kisicho na godoro, na hakuuliza godoro liko wapi. Kibii akamchezea wimbo. Wangeci alisikiliza macho yamefumbwa, midomo ikifuata maneno.

"Huyo ni Mama Mchungaji," akasema ulipokwisha. "Siku hizi anaimba mpaka za mapenzi? Si mbaya, ako na bwana yake."

"Ni mimi, Mami," Mugure akasema.

Wangeci alimtazama kwa upole mwingi, na upole huo ndio uliomuumiza Mugure. Ingekuwa nafuu kama angemkaripia.

"Basi imba nisikie."

Kibii aliujua mwisho wa jambo hilo. Alifikiria kutoka, akaona ni kukosa adabu kwa mgeni, akabaki na kuanza kurekodi. Mugure alisimama mbele ya mama yake. Hapakuwa na mtu duniani aliyemwogopa kama huyu, wala aliyempenda kama huyu. Akafungua mdomo, na wimbo ukatoka kwa Wangeci.

Wangeci hakushtuka. Alirekebisha kitambaa chake kichwani, akaketi wima, akauimba wote kwa mikono na mabega, akiyavuta yale maneno ya majonzi kama mtu aliyewahi kuachwa. Owuor alikuja akaegemea mlango, akatikisa kichwa kwenye ile sehemu ya juu iliyomkwaruza koo yeye. Wimbo ulipokwisha Wangeci alijifuta macho.

"Si nilijua kwetu sauti iko," akasema. "Hata cucu yako, mama yangu, alikuwa anaimba. Ni wewe tu ilikuruka, Mugure. Lakini usijali. Mtu hawezi pewa kila kitu."

Mugure angeweza kumweleza. Habari za jora, za mabega ya Mama Mchungaji, za bafuni, zote zilikuwa tayari ulimini. Lakini mama yake alikuwa anacheka, mkono kifuani, na hakuwa amecheka hivyo tangu wamzike baba. Mugure alimfurahia na akamchukia kwa wakati mmoja, akaliburuta gunia la viazi hadi pembeni.

Wangeci alimwuliza Kibii kama mashine ilishika. Kibii akasema imeshika yote. Hata hivyo Wangeci alitaka warudie, kwa sababu pale mwisho hakuvuta vya kutosha, na msichana alikuwa amemsimamia mbele akimkazia macho.

"Simama huku nyuma yangu," akamwambia, "na usinipumulie."

Mugure akasimama nyuma yake, akafungua mdomo, na mama yake akaimba vizuri sana.