Ng'ombe Wasiomjua Kupe

Ng'ombe kumi na wanne wa mahari ya binti yangu Ghati walikufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, ndani ya wiki tano. Niliwachagua mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, Kisaka. Kwetu Wakurya kijana huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Mwanangu Mniko alishapata mchumba, Wegesa, na baba yake Wegesa alikuwa anasubiri ng'ombe hao tu.

Nilikwenda Tarime kwa mkwe wangu Nyangwine kuchukua mahari ya Ghati. Akanitolea ng'ombe wa ngozi ngumu kama gome, masikio makovu matupu. Nikacheka.

"Mura, hawa ni ng'ombe au magogo?"

"Wameumwa na kupe tangu wakiwa ndama," akasema. "Siku hizi kupe akiwauma ngozi inavimba, kupe anakauka, anaanguka hajashiba. Chukua hawa."

"Hao kawape maadui zako. Mimi nataka wale."

Nilionyesha kundi lililooshwa kwenye josho kila wiki tangu kuzaliwa. Ngozi laini, zinang'aa.

"Wale hawamjui kupe. Josho lenu lina dawa?"

"Tumelijenga kijiji kizima, halafu unaniuliza dawa?"

Josho lilikuwepo. Ndani yake mlikuwa na maji ya mvua na vyura. Dawa tulikuwa tumeahidiwa tu. Nilijua, ila niliona aibu kumwambia mkwe.

Wiki ya tatu tangu niwafikishe Kisaka, kupe walining'inia masikioni mwao na chini ya mikia, wamejaa damu kama mbegu za nyonyo. Hakuna aliyeanguka kabla ya kushiba. Mke wangu Bhoke na mimi tuliwabandua kwa vidole mchana kutwa, kesho yake wamejaa tena. Matezi yakavimba, povu likatoka puani. Bwana mifugo alipofika na baiskeli yake, walibaki wanne. Akasema miili yao haikupata kujifunza kupe, na sasa hakuna muda wa kujifunza.

Nilirudi kwa Nyangwine kuomba wale wenye makovu.

"Uliwaswaga mwenyewe, mkwe," akasema. "Na mashahidi walikuona."

Baba yake Wegesa alisubiri hadi mavuno, akamwoza kwingine. Mniko aliposikia alifunga nguo zake. Hakuniaga.

Ng'ombe kumi na wanne. Binti mmoja ametoka, mke wa mwanangu hakuingia. Mwana mmoja ameondoka. Zizini wamebaki mbuzi watatu.