Chungu Kilichokaa Dirishani

Winfrida alikuwa mtu wa safari ambaye hajawahi kusafiri. Mugumu alikufahamu kwa kuwa alizaliwa jirani na huko, Tarime mjini alikwenda kujifungua, na Sirari alikwenda kununua mitumba. Pale Sirari, akimaliza kununua, alikuwa anasimama kidogo karibu na mpaka, anaiangalia Kenya, kisha anarudi nyumbani Gorong'a amenuna bila mtu kumkosea. Dunia nyingine yote aliijua kwa ramani iliyochanwa kwenye kalenda na kubandikwa ukutani juu ya kitanda. Mumewe Wangwe aliwajua ng'ombe wake mmojammoja kwa rangi na kwa tabia, na Winfrida alizijua nchi hivyohivyo. Ndege ikipita juu ya shamba, alisimamisha jembe akajiona yumo ndani, amekaa dirishani. Kiti cha katikati hakukitaka hata kwenye mawazo.

Kwa hiyo Daktari Eunice alipofika kutoka chuo kikuu, akiuliza habari za boma la mawe lililoko kilimani, Winfrida alijua zamu yake imefika. Yeye ndiye aliyempeleka. Boma lenyewe kila mtu alilijua na hakuna aliyelijali: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, nyingi zimebomoka, na katikati lundo la jivu la kale lililoota nyasi, mahali pazuri pa mbuzi kulala. Waliojenga ni nani, walikwenda wapi, wazee walijibu kila mmoja lake. Daktari alisema lundo lile la jivu litajibu, kwa mkaa wake na kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika humo. Winfrida akapewa kazi ya kuchimba siku hiyohiyo. Na kwa kuwa siku hiyo alikuwa amefurahi kupita kiasi, akamwombea kazi na Robi.

Robi alikuwa mke wa shemeji yake, ameolewa juzijuzi tu, msichana mpole anayecheka hata akiambiwa habari za mvua. Alidhani Ethiopia iko karibu na Mwanza. Lakini mikono yake, sijui ilitoka wapi. Kila mchimbaji alipimiwa mraba wake kwa kamba, akawa anakwangua udongo taratibu kwa mwiko wa fundi mwashi, kisha anauchekecha. Mraba wa Winfrida ulitoa kokoto na mifupa ya mbuzi. Mraba wa Robi ulitoa shanga, ukatoa kichwa cha mshale cha chuma, halafu, chini kabisa, vigae vyenye nakshi: mistari inayokatana na chini yake safu ya alama za kucha. Daktari alipiga magoti kwenye vumbi kuvitazama. Kesho yake alimwita Robi "jicho langu" mbele ya watu wote, na Winfrida, aliyekuwa ameshika ndoo ya udongo, alitamani ndoo ile imponyoke imwangukie mtu.

Ule wivu haukumwachia hata chakula. Akimwona Robi anacheka na Filemoni, yule kijana msimamizi wa uchimbaji, roho inamuuma. Akimsikia mama mkwe wao, Agustina, akiwaambia majirani kwamba mkwe wake mdogo amegundua mambo ya kale, inamuuma zaidi, kwa sababu mkwe mkubwa ndiye aliyeonyesha njia na hakuna anayemtaja. Hata mbwa wa nyumbani, alivyoona yeye, siku hizi alikuwa anamfuata Robi.

Kisha ikaja habari ya Ethiopia. Kulikuwa na mkutano wa watu wanaoishi karibu na makazi ya kale, na kila eneo litapeleka mchimbaji mmoja pamoja na daktari wake, kwa ndege, wakaone miji iliyojengwa na kuchongwa kwa mawe. Gharama zote zimelipwa. Jina litatajwa Ijumaa. Wengine waliuliza Ethiopia ndiyo wapi. Winfrida hakuuliza, maana kidole chake kilishaifuta rangi nchi ile pale kwenye ramani. Siku iliyofuata alipanda bodaboda hadi Sirari, akapiga picha za pasipoti akiwa amevaa blauzi ya kanisani, akazificha ndani ya Biblia. Alijua vizuri kwamba jina litakuwa la Robi. Alipiga hivyohivyo.

Sheria moja ilisomwa tangu siku ya kwanza: atakayefukia kitu kwenye mraba ili aonekane amegundua, anafukuzwa kazi. Winfrida aliifikiria sheria hiyo akipika uji, akiwa amekitazama chungu cha bibi yake.

Bibi yake alikuwa mtu wa upande wa Serengeti, akifinyanga vyungu mpaka macho yalipokataa. Winfrida alipoolewa Gorong'a alikuja nacho kimoja, kimebebwa kwenye mapaja njia nzima. Alikipikia kila siku, na kwa kuwa alikipikia kila siku hakukitazama tena. Kilikuwa na masizi mpaka shingoni. Aliona jambo moja tu: kigae chenye masizi ya jikoni kikikutwa kwenye mraba wa Robi, hata mtoto atajua kimewekwa. Asubuhi, Wangwe alipotoka na ng'ombe, alikigonga ukingoni kwa mchi kikiwa bado mekoni na uji wake. Alitaka kipande kimoja. Chungu chote kikafunguka, uji ukazima moto.

Alisimama akitazama, na kwa kweli kidogo alie. Halafu akamkumbuka yule "jicho langu". Akachagua kigae kimoja cha shingoni, akakipangusa upande wa ndani tu, masizi ya nje akayaacha, na vingine akavitupa kwenye lundo la jivu nyuma ya zizi, kama vinavyotupwa vigae vyote pale nyumbani tangu Agustina alipokuwa mkwe mpya. Alifika kilimani kabla ya wenzake, akakifukia kwa Robi, akaenda kwenye mraba wake kukwangua kwa bidii ambayo hajawahi kuwa nayo.

Kigae kilitoka kabla ya chai. Robi alikiona kwenye chekecheo, akakinyanyua, akakipeleka mwenyewe kwa Filemoni. Filemoni akakigeuza, akatazama kidole chake, uso ukambadilika. Daktari akaitwa. Wachimbaji wote wakaacha kazi.

"Hiki si cha kale," Daktari Eunice alisema. "Masizi bado yanashika mkono. Kimetoka jikoni kwa mtu, tena juzi."

Filemoni akamtazama Robi. Robi akawa anatazama mikono yake, na Winfrida akasikia raha ambayo aliisubiri wiki nzima. Raha yenyewe haikufika mbali. Daktari alikuwa amekipangusa kigae kwa brashi, na sasa alikuwa anakisogeza karibu na macho. Aliagiza kile kigae cha chini kabisa, kile cha siku alipopiga magoti, akaviweka viwili kwenye kiganja. Mistari inayokatana. Safu ya kucha. Ungesema vimetoka kwenye mkono mmoja.

"Kosa la kufukia tutalizungumza," alisema taratibu. "Lakini kwanza nataka chungu chenyewe. Tumehangaika kuuliza watu hawa walikwenda wapi, kumbe nakshi yao bado iko jikoni. Kama kiko nyumba yoyote hapa, mwenye chungu hicho ndiye nitakayekwenda naye Ethiopia. Asimame nacho mbele ya watu."

Winfrida alikaa chini. Watu walidhani ni jua.

Aliyejibu ni Robi, na alijibu kwa furaha, maskini, kama mtu aliyepata jibu darasani. Alisema si kinafanana na kile chungu cha dada Winfrida, alichokuja nacho akiolewa, anakiona kila akienda kuomba moto. Macho yote yakamgeukia Winfrida. Hapo alipewa Ethiopia mkononi, na hapo hakuwa na kitu cha kuipokelea. Akasema kimevunjika. Daktari akauliza vigae viko wapi. Agustina, aliyekuwa ameleta chai ya wachimbaji, akamtolea Filemoni jibu ambalo hakuna aliyemwomba.

"Vigae vya nyumba yetu vinatupwa wapi, mura, kijana wangu? Kwenye jivu, kama vya hawa mnaowachimba."

Wakateremka wote. Nyuma ya zizi hapakuhitaji mwiko wala chekecheo, vigae vilikuwa juujuu, na uji umevikaukia. Walivikusanya kwenye khanga ya Agustina, wakavipanga uwanjani. Daktari alivipanga kwa mkono mwepesi, tumbo, ubavu, shingo, mpaka chungu cha bibi kikasimama nusu kikishikiliwa na mikono ya watu. Pengo moja likabaki shingoni. Robi ndiye aliyekuwa ameshika kile kigae. Alikisogeza, kikaingia kwenye pengo bila kulazimishwa.

Robi alimtazama Winfrida, na Winfrida akaona msichana yule ameelewa yote, kuanzia mchi hadi asubuhi kilimani. Halafu akaona jambo baya zaidi: uso wa Robi ukalainika. Akafungua mdomo, akaanza kusema kwamba labda kigae alikibeba yeye bila kujua, juzi alikuja kuomba moto, pengine kilinasa kwenye kikapu.

Hilo Winfrida hakuliweza. Amezidiwa macho, amezidiwa mikono, amezidiwa sifa kwa mama mkwe, sasa azidiwe na roho nzuri pia, mbele ya watu, aishi na deni hilo mpaka uzeeni? Hapana.

"Nimekifukia mimi," akasema. "Nilitaka afukuzwe. Nilitaka kwenda mimi."

Agustina akashika kinywa. Daktari Eunice hakupandisha sauti. Alisema sheria ni sheria, kazi ya Winfrida kilimani imeisha leo. Kisha, akiwa bado ameshika shingo ya chungu, akaongeza maneno ambayo yalimkaa Winfrida kuliko kufukuzwa.

"Ungekuja nacho kizima asubuhi, sasa hivi ningekuwa naandika jina lako."

Ijumaa likatajwa jina la Robi. Chungu kiliunganishwa kwa gundi mezani kwa Filemoni. Daktari alikuja mwenyewe nyumbani kuomba kibali cha kukipeleka Ethiopia, akasema ni mali ya Winfrida, akikataa hakiendi popote. Winfrida alitaka sana kukataa. Alikitazama kile chungu na makovu yake. Kilitoka Serengeti kwenye mapaja yake, na kabla yake nakshi ile ilibebwa na mabibi wengine walioolewa mbali, na huenda mmoja wao alitoka kwenye boma lile kilimani. Akasema kiende. Alisema akiwa amekunja uso, Daktari akajifanya hakuona.

Robi alikuja siku ya mwisho kabla ya safari, akasimama mlangoni kama mgeni. Alisema huko watu watamuuliza ile mistari ina maana gani, na yeye hajui. Angeweza kutunga, lakini haoni vizuri kumtungia uongo bibi wa mtu. Winfrida aliendelea kuchambua maharage. Ilimpita kichwani kumdanganya, amwambie ni mambo ya kijinga, aaibike mbele ya mataifa. Lakini aibu hiyo ingemwangukia bibi.

"Mistari ni njia za ng'ombe, watu walipohama," akasema bila kuinua macho. "Kucha ni nyayo za wanawake wanaofuata nyuma. Bibi alikuwa anasema wanaume wanakumbuka ng'ombe, wanawake wanakumbuka njia. Na useme nani amekwambia."

"Nitasema, dada."

"Useme jina lote."

Gari lilipita asubuhi, vumbi jembamba nyuma yake. Winfrida alikuwa barabarani na ndoo, maana maji yanatekwa hata siku ambazo mtu hataki kuonekana. Dereva alipunguza mwendo kwenye mtaro, Winfrida akaona ndani vizuri. Mbele Daktari. Nyuma Robi amebanwa katikati, kati ya begi na boksi la mbao lililoachwa wazi juu ili shingo ya chungu itokeze bila kusuguliwa, sufi imekizunguka hadi shingoni. Boksi lilifungwa mkanda wa kiti. Robi alipunga mkono, akaelekeza kidole kwenye chungu, akasema kitu ambacho Winfrida hakukisikia, halafu akacheka cheko lake.

Winfrida hakupunga. Hata Robi hakuwa anamtazama wakati huo. Alikuwa anatazama mahali chungu kilipowekwa, karibu na kioo, uso wake wenye nakshi umegeukia nje, na mashamba, na kilima, na barabara yote ya Sirari vikianza kukipita. Kwa mara ya kwanza tangu Robi aolewe, wivu wake ulimruka Robi. Aliinua ndoo kichwani akakionea wivu chungu cha bibi yake, kwa kuwa ndicho kilichokaa dirishani.