Watoto Waliomngoja Daktari Mifuko

Jumanne saa moja na nusu asubuhi, Daktari Mifuko alizalisha mtoto wa kiume wa kilo tatu na nusu katika wodi ya wazazi ya Huku, akanawa mikono, akaketi kujaza cheti. Koti lake jeupe lilikuwa na mifuko miwili mipana aliyoishona mwenyewe. Wa kulia ulibeba muhuri wa Huku, wenye wino mwekundu. Wa kushoto ulibeba muhuri wa Ng'ambo, wenye wino wa bluu. Alikuwa na leseni za nchi mbili, na kati ya nchi hizo palikuwa na mto na daraja moja, ambalo alilivuka kwa miguu kila siku saa sita mchana, amekwisha kuzalisha Huku na anakwenda kuzalisha Ng'ambo. Watu wa Ng'ambo nao waliita kwao Huku, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyepotea njia.

Kabla hajagonga muhuri, muuguzi wake, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akapiga kelele kutoka kitanda cha pili.

"Daktari, kichwa hiki hapa, na mimi nina mikono miwili tu!"

Daktari akachomoa muhuri, akagonga, akakimbia. Cheti kikabaki mezani na alama ya bluu. Kosa lenyewe ni hilo, wala hakuna jingine. Mtoto alikuwa mzima, mama mzima, na kufikia adhuhuri wote wawili walikuwa kwao wamelala fofofo.

Baraza la Madaktari la Huku lilimpa onyo la maandishi, ambalo halikumzuia kufanya kazi. Kwa utaratibu, nakala ilipelekwa Ng'ambo. Baraza la Ng'ambo lilipoona kwamba daktari wao ameadhibiwa kwingine, likamsimamisha miezi mitatu, bila kuuliza ameadhibiwa kwa lipi, maana fomu yao haikuwa na nafasi ya swali hilo. Nakala ikarudi Huku. Baraza la Huku likaona haya kumwachia onyo tupu mtu aliyesimamishwa ng'ambo, likamsimamisha miezi sita. Ng'ambo wakafikisha mwaka. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, lakini hawakutuachia neno lolote kuhusu fahali wanaopatana.

Daktari alikwenda kumwona Katibu wa Baraza la Huku, mzee mpole mwenye kofia, aliyemwagizia chai kabla hajaketi.

"Mzee, ulikuwa muhuri tu," alisema Daktari.

"Muhuri tumekwisha kuusamehe zamani. Sasa umesimamishwa kwa sababu Ng'ambo wamekusimamisha."

"Na wao wamenisimamisha kwa sababu yenu."

"Basi waanze wao kukufungulia, nasi tutafuata siku hiyo hiyo. Kunywa chai, inapoa." Kisha akamkumbusha, kwa upole ule ule, kwamba akimgusa mama mwenye uchungu katika ardhi ya nchi yoyote kati ya hizo mbili, jina lake litafutwa katika vitabu vyote, moja kwa moja. Na asikae chumba kimoja na mjamzito. Daktari alikunywa chai, akaaga.

Jumatatu iliyofuata watoto waliacha kuzaliwa.

Uchungu ulikuja kama kawaida, ukakaa kidogo, ukaondoka bila kugombana na mtu. Madaktari wengine wa pande zote mbili walipima na kupima tena. Kichwa chini, moyo unapiga vizuri, kitovu hakijajisokota, mama ana nguvu na anakula. Walichoandika kwenye faili ni neno moja, "Anangoja", na hakuna aliyeuliza anamngoja nani. Mwezi wa kumi wa mimba ukaisha. Baba mmoja aliweka mdomo kwenye tumbo la mkewe akamkemea mwanawe kwa kumchelewesha, akapigwa teke la pua. Foleni za mkate zikaanza kupimwa kwa upana badala ya urefu. Wajawazito wenyewe hawakuwa na maumivu, ila walichoka kuulizwa "bado?" na kila jirani.

Daktari Mifuko alikuwa nyumbani, na kukaa nyumbani kulimuuma kuliko adhabu yenyewe. Binti yake wa pekee, mwalimu wa hesabu aliyeolewa Ng'ambo, alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba hiyo ilikuwa imeingia mwezi wa kumi na moja. Daktari alikuwa amewapokea watoto wa watu elfu nne na zaidi. Mjukuu wake mwenyewe hakuruhusiwa hata kumsogelea. Alimfumia fulana ya sufu ya mtoto mchanga. Wiki mbili zilipopita akaifumua, akaifuma upya kubwa zaidi kidogo. Alikuwa ameifumua mara tatu binti yake alipompigia simu.

"Mama, nimepiga hesabu kila njia, hazitoki. Kila nikikutaja ananipiga teke."

"La furaha au la hasira?"

"La kuuliza."

Wakakubaliana wakutane katikati ya daraja Jumamosi saa nne asubuhi, ili fulana ikabidhiwe. Daraja si chumba, na sharti la Baraza lilisema chumba.

Huku walikuwa wameweka lami hadi kwenye mstari wao mweupe. Ng'ambo waliweka lami hadi kwenye mstari wao wa manjano. Katikati zilibaki hatua sita za mbao za zamani ambazo hakuna nchi iliyozifagia, kwa kuogopa kwamba atakayefagia ataambiwa na atengeneze. Daktari alisimama hapo na muuguzi wake, ambaye alikuja na mkoba wa kazi kwa madai kwamba ameuzoea uzito wake. Binti akaja taratibu kutoka upande wa pili, akavuka mstari wa manjano, akakanyaga ubao wa kwanza, na chupa ya uzazi ikapasuka.

"Mama," alisema, "amekubali."

Daktari aliutazama mguu wake wa kulia, akautazama wa kushoto. Yote miwili ilikuwa juu ya mbao. Akamgeukia mlinzi wa Huku, aliyesimama kwenye mstari mweupe.

"Afande, hapa niliposimama ni wapi?"

"Hapo si kwetu, mama."

Akamgeukia mlinzi wa Ng'ambo.

"Wala si kwetu," alisema huyo. "Tuliandikiana barua hadi tukachoka."

Daktari Mifuko akavaa glavu. Muuguzi alitandika koti lake mwenyewe juu ya mbao, walinzi wakageuka wakawa wanautazama mto, na kwa dakika kumi na moja mtoto wa kike akatoka, mnene, ana nywele na kucha za kukatwa, akampiga bibi yake jicho la mtu aliyecheleweshewa miadi. Bibi akalia kwa furaha. Fulana ilikuwa ndogo.

"Nilikwambia uongeze vitanzi," alisema muuguzi, naye akifuta macho.

Kilio cha mtoto kilifika pande zote mbili za mto. Kufikia saa tano wajawazito walikuwa wamejipanga, wa Huku nyuma ya mstari mweupe, wa Ng'ambo nyuma ya mstari wa manjano, na waliingia kwa zamu, mmoja huku mmoja kule, bila kusukumana. Walinzi walileta turubai na kitanda. Jua lilipokuwa linashuka, watoto thelathini na mmoja walikuwa wamezaliwa, na vigelegele vilikuwa havijakatika tangu mchana. Vyeti aliviandika muuguzi kwa kalamu ya risasi. Nchi zote mbili zilivipokea, kwa kuwa havikuwa na muhuri wowote wa kuulizana.

Jumatatu alikuja Katibu wa Baraza la Huku, amemshika mkono mke wa mwanawe, aliyekuwa na tumbo la miezi kumi na miwili kasoro siku nne. Alisimama kwenye mstari mweupe kofia mkononi.

"Daktari, mimi siruhusiwi kukuona ukifanya kazi."

"Basi geuka, Mzee."

Katibu akageuka. Alikaa amewapa mgongo saa nzima, mkono mmoja ameunyosha nyuma ameshika mwavuli ili mkwewe asipigwe na jua, na mtoto alipolia, alilia naye. Walimpa amshike. Alimshika kama watu wanavyoshika sinia lililojaa, akarudi naye mjini akimsalimia kila aliyekutana naye, hata wale asiowajua.

Alhamisi mlinzi alimletea Daktari barua pale kwenye mbao. Baraza la Huku, baada ya kuona kwamba Baraza la Ng'ambo limeongeza muda wa kumsimamisha hadi miaka miwili, lilikuwa limeamua kuongeza wa kwake hadi miaka mitatu, na nakala imepelekwa Ng'ambo kwa hatua zao. Sahihi ilikuwa ya Katibu. Chini yake, kwa mwandiko wa mkono, aliongeza: "Mjukuu ananyonya vizuri mno. Tumemwita Mifuko, jina ulilobatizwa na mtaa, tukashindwa kulifupisha. Asante sana, dada yangu."

Daktari Mifuko aliisoma mara mbili, akacheka hadi akashika kiuno, na muuguzi akainyang'anya akaisoma kwa sauti, walinzi wote wawili wapate kusikia. Kisha Daktari akaichukua, akaikunja mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa kitanda uliokuwa ukicheza juu ya mbao tangu asubuhi. Kitanda kikatulia.

"Haya, mwanangu," alimwambia mama aliyekuwa amelala juu yake. "Sukuma."