Nyimbo Ishirini na Tatu Mpaka Ngosi

Kikombe cha bati kiligonga sufuria gizani, ng'a, kabla jogoo hajawika. Kisha kimya. Kisha mtu akanong'ona, "Shii!" kana kwamba kikombe kina masikio.

"Baba Damari," nikasema nikiwa bado kitandani, "unafungasha tena?"

"Sifungashi. Napima uzito tu."

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Mume wangu Gideoni alikuwa amepewa livu ya siku kumi kwenye ghala la mbegu kule Mbeya mjini, na rafiki yake Edmund wa Kalenga, aliyewahi kuwa askari, alimwazima shanta la turubai lenye mikanda mingi kuliko punda wa mizigo. Tangu shanta liingie nyumbani, mwenzangu hakulala vizuri. Nikawasha koroboi, nikachungulia ndani yake. Sufuria, vikombe vitatu, blanketi, unga wa ulezi, chumvi imefungwa kwenye kitambaa. Chini kabisa, tai ya shingoni.

"Tai ya nini ziwani?"

"Huwezi kujua tutakutana na nani."

Nikaitoa. Akanitazama kama nimemnyang'anya shamba.

Safari yenyewe niliitunga mimi. Siku nne, polepole, kwa miguu: kutoka kwetu Isongole kupanda hadi Ziwa Ngosi, kushuka upande wa Kiwira, kupita Tukuyu, na kumalizia Masoko, ambako mama yangu anakaa karibu na ziwa la huko. Mama alimwona binti yetu Damari mara moja tu, akiwa hajaota meno. Sasa ana miaka mitano na meno mawili yameshang'oka. Magari ya abiria yapo, ndiyo. Lakini gari halipandi Ngosi, na mimi nilikuwa na deni la macho yangu na lile ziwa.

Nilipoletwa kuolewa tulilala chini ya mlima ule. Asubuhi wasichana walionisindikiza wakapanda kulitazama. Mimi bibi harusi nikabaki nimefunikwa shuka, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Waliporudi walisimulia mpaka jioni: maji ya kijani, hayana mto wa kuyaleta wala wa kuyaondoa, yametulia kama yamemwagwa bakulini. Miaka sita nimekuwa nikiyawaza maji hayo.

Basi nikachora ramani. Mwalimu Juliana wa darasa letu la jioni ametufundisha kwamba ramani isiyo na kipimo ni picha tu. Kipimo changu kilikuwa nyimbo. Damari hutembea nyimbo nne za kanisani, beti zote, ndipo aanze kulalamikia miguu. Kwa hiyo kila baada ya nyimbo nne nikachora jiwe la kupumzikia. Mpaka ukingoni mwa Ngosi nilihesabu nyimbo ishirini na tatu.

Jirani yangu Marta aliitazama ramani ile kichwa chini.

"Nani amefariki huko?"

"Hakuna."

"Basi nani anaoa?"

"Hakuna, Marta. Tunakwenda kutazama maji."

Akageuka akatazama ndoo yangu iliyojaa mlangoni. "Na haya yana kasoro gani?"

Marta hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ng'ambo ya ua wa matete: baba mkwe wangu. Ujana wake wote alikata mianzi kule Ngosi kwa kusukia matenga na vikapu, na njia ya msituni anaijua yeye. Gideoni alipelekwa Iringa kwa baba yake mdogo akiwa mtoto, akasomea huko, akarudi na ndevu. Msitu ule anaujua kwa kuutazama kutoka barabarani.

Alipopata habari, baba mkwe alitoa neno moja: ukingo wa ziwa unateleza, na mjukuu wake hapandi bila yeye. Hapo safari yangu ikakwama. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hali naye, hakanyagi njia ikiwa yeye yumo njiani. Akisikia kikohozi chake anaingia majanini. Kanisani tunakaa chini ya paa moja, wanaume kule, wanawake huku, na mimi huijua Jumapili nzima kwa visigino vya watu. Sasa mtu huyo aniongoze siku nne mlimani?

Nikamtuma Damari na ramani. Tukajadiliana kupitia ua, yeye upande wake na mimi upande wangu, hatua tatu kati yetu, kila mmoja akimsikia mwenzake waziwazi na kujifanya hasikii.

"Mwambie mama yako mawe ya kupumzikia hayatoshi."

"Mama, babu anasema mawe hayatoshi."

"Mwambie babu aongeze anapotaka."

"Babu, mama anasema chukua mawe."

"Mwambie mama yako nitatangulia nyimbo mbili mbele. Penye njia panda nitaweka alama."

"Mama, babu atatuimbia nyimbo mbili."

Nikasikia mzee akicheka puani. Ramani ikarudi na mawe matatu mapya yaliyochorwa kwa mkaa, na sharti: kwanza tufanye jaribio Jumamosi, mpaka kwenye kijito cha bondeni na kurudi. Jaribio likienda vizuri, tunaondoka Jumatatu. Likiharibika, kila mtu akae kwake.

Jumamosi nikakaanga maandazi, nikampelekea fungu lake kwa mkono wa Damari. Akatangulia. Tukaimba nyimbo mbili hapo hapo uani, Marta akitazama na mikono kiunoni, kisha nasi tukatoka. Gideoni mbele na shanta lake mgongoni. Kuondoka kwetu hakukuwa na kasoro yoyote.

Kwenye njia panda ya mashamba ya viazi tukakuta tawi bichi limelazwa kukatiza njia ya kushoto.

"Alama hiyo!" Gideoni akafurahi. "Kushoto."

"Baba Damari, tawi likilazwa hivyo njia imefungwa."

"Imefungwa vipi? Tazama ncha yake inakoelekea. Mtu haweki alama mahali asipotaka watu waende."

"Huku kwetu ndivyo inavyowekwa."

"Mama Damari, nani mwenye shanta?"

Ningeweza kubisha. Lakini livu yake ilikuwa ya kwanza katika miaka mitatu, na alikuwa anapendeza na mikanda ile. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri. Akaliruka tawi, nasi tukaliruka.

Wimbo haukufika ubeti wa pili. Kona ya kwanza tu, juu ya jiwe, alikuwa ameketi baba mkwe wangu. Alikuwa amevua viatu na kuviweka kando, miguu ameinyoosha juani, shavu limevimba kwa andazi langu. Alikuwa ameifunga njia ile ili apumzike kwa amani mpaka sisi tupite.

Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nikaona uso wake. Ni uso wa Gideoni, uliokunjwa kidogo.

"Aa!" akasema, na andazi mdomoni.

Mimi nilikwisha kujitupa. Niliangukia kati ya matuta ya viazi, kitambaa changu cha kichwa kikabaki hewani, na nikalala pale uso kwenye udongo kama mbegu. Nikasikia nyayo tupu zikikimbia upande mmoja. Viatu vilibaki. Damari akapiga makofi, akadhani ndiyo sehemu ya jaribio.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Gideoni alivibeba viatu vya baba yake, kimoja kila mkono, kama mtu aliyeokota watoto wa ndege.

"Ningejua..." akaanza.

"Ulijua. Nilikwambia."

"Ndiyo. Uliniambia."

Jumapili ng'ambo ya ua kulikuwa kimya. Hata kikohozi hakuna. Nikamkamata tembe wangu mwekundu, yule anayetaga kila siku, nikamfunga miguu na kumkabidhi Damari. "Mpe babu. Sema mama anaomba radhi." Mtoto akarudia maneno hayo akienda, mpaka akapotea nyuma ya matete. Kuku akipokewa, kosa limesamehewa. Akirudishwa, bado. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mambo, nami nikakaa jikoni nikipanga kutazama Ngosi labda uzeeni, nikiwa mkwe wa mtu mwingine.

Saa zilipita. Ng'ambo nilisikia kisu kikipasua mwanzi, tena na tena, na Damari akiuliza maswali yasiyokwisha. Kisha jioni matete yakatikisika, na mtoto akatokea akitembea kinyumenyume, akiburuta tenga jipya la mianzi, la kijani bado. Ndani yake, tembe wangu mwekundu.

Gideoni naye akaliona. Akaenda akalivuta shanta kutoka pembeni, akafungua mkanda wa kwanza, akatoa sufuria.

"Amerudisha," nikasema.

"Nitakwenda kuongea naye mimi mwenyewe."

"Ukamwambie nini? Kwamba ncha ya tawi ilielekea kushoto?"

Akatoa kikombe cha kwanza, kikagonga sufuria, ng'a. Nikapiga magoti kumfungulia kuku. Tenga lilisukwa kwa kubana, na juu lilikuwa na mshipi mpana wa kubebea begani, na sakafuni majani makavu na kiganja cha mtama. Chakula cha siku kadhaa. Mkono wangu ukasimama kwenye mlango wa tenga.

"Damari," nikamwita. "Babu amesemaje? Sema kama alivyosema, mama. Usiongeze."

Damari akafuta pua kwa mkono, akasimama wima kama yuko mbele ya kanisa, akasema kwa sauti:

"Kuku huyu ni wa bibi wa Masoko. Kesho natangulia nyimbo mbili."