Msiba Uliosomwa Kama Hadithi

Purity alirudi Nyansiongo mwaka ule mama yake alipopatwa na kiharusi. Kabla ya hapo alikuwa na kiti chake katika saluni moja mjini Nakuru, na wateja waliomtafuta kwa jina. Ndugu zake wa kiume walizungumza kwa simu wakaafikiana kwamba, kwa kuwa yeye hakuwa na mume wala mtoto, ndiye aliyefaa kurudi nyumbani. Kisha wakampigia kumwarifu. Hakubisha.

Mama yake, Nyanchera, alikuwa mwanamke ambaye akiita ng'ombe wake, hata wa jirani waligeuza shingo. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na ulimi umelala pamoja nao. Sauti iliyobaki ilikuwa moja tu, "aa", na Purity akajifunza kutofautisha aa ya kiu na aa ya kutaka kugeuzwa kitandani. Huku Borabu, ilipo Nyansiongo, mashamba ni makubwa kuliko kwingine Ugusii; jirani ni mtu unayemwona kwa mbali akiwa ameinama kwenye mahindi. Purity alikamua, akampa mtu wa pikipiki maziwa, akamwosha mama, akamlisha uji. Kufikia saa sita mchana alikuwa hana tena mtu wa kusema naye mpaka kesho yake.

Hapo ndipo alipoanza kuandika. Mama akisinzia, yeye alikaa barazani na simu, akaandika mambo ya nyumbani: mama alivyowahi kumfukuza mwizi wa ndizi kwa mwiko, mama alivyoimba kwaya kanisani kwa sauti iliyowameza wenzake. Akayaweka kwenye ukurasa mmoja wa Facebook wa waandishi wa Kiswahili. Hakuna aliyesoma. Mtu mmoja tu aliandika, "Ndefu sana," akapita zake.

Siku moja akakuta komenti kutoka kwa mtu aliyeitwa Subhash, ambaye mahali pa picha yake alikuwa ameweka ua.

"Binti, nimesoma mpaka mwisho, lakini nimepotea njiani nikalazimika kuanza upya. Ndani ya msitu huu kuna hadithi nzuri. Fyeka kidogo."

Purity aliudhika. Aliandika jibu kali, akalifuta, kisha akamtumia ujumbe wa faragha: "Nifyeke vipi, mzee?"

Jibu lilikuja upesi, kana kwamba mtu huyo naye alikuwa amekaa mahali akingoja kuulizwa kitu. Alisema alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Kisii kwa miaka mingi. Alichapa kadi za harusi, kalenda za makanisa, na vijitabu vya mazishi ya nusu ya Ugusii. Sasa mitambo ilikuwa imeuzwa, mkewe Shanta amefariki, na mwanawe Mehul anaishi Uingereza. Yeye hushinda kwenye kiti nyuma ya duka la mpwa wake, akisoma simu.

"Msomaji wako ameshika simu kwa mkono mmoja," aliandika, "na mkono wa pili una kazi nyingine. Kioo chake ni chembamba. Ukimpa ukuta wa maneno, ataona ukuta tu. Kila wazo lipe aya yake. Kati ya aya na aya acha mstari mtupu. Mtu akisema, aanze mstari wake mwenyewe, tujue ni nani amefungua kinywa. Na usipige kelele kwa herufi kubwa. Mama yako tayari ana sauti."

"Mistari mitupu itaonekana kama nimekosa la kusema."

"Ile nafasi tupu ni pumzi, binti. Hata kwaya huvuta pumzi."

Purity aliichukua ile hadithi ya mwizi wa ndizi, akaikata vipande, akaipa kichwa, akairudisha. Kufikia jioni watu walikuwa wanacheka chini yake. Mmoja tu alionekana kuchanganyikiwa: "Nimependa, lakini huyu baba yako mbona anavaa leso?"

Purity hakuwa amefikiria jambo hilo. Kwa Ekegusii mama huitwa baba, na yeye alikuwa ameandika alivyozoea kumwita. Kabla hajajibu, Subhash alikwisha kuandika: "Kisii baba ni mama, na baba ni tata. Nimekaa nao maisha yangu yote. Someni tena."

Wakasoma tena.

Urafiki wao ulianzia hapo, na kutoka kwenye urafiki ule kikazaliwa kikundi. Wazo lilikuwa la Purity: mahali pa watu wa Kisii na Nyamira wanaoandika, wasaidiane. Subhash ndiye aliyemwonya kwamba kikundi ni kama shamba la chai, huwezi kupanda leo na kuchuma kesho. "Usiombe kusomwa kabla hujasoma," alimwambia. "Mgeni akiingia, mwite kwa jina. Komenti ya kwanza ya mtu usiiache bila jibu, maana huenda imemgharimu ujasiri wa wiki nzima." Purity alifuata. Aliweka kanuni kwamba Sabato hakuna kuposti, kwani wengi walikuwa Waadventista kama yeye. Aliwafundisha wageni mambo ya aya na mazungumzo kama alivyofundishwa. Akaja Ombati wa Suneka, aliyeandika vichekesho vya sokoni. Akaja Nyangate, mshonaji wa Nyakoe, aliyeandika kuhusu ndoa yake iliyovunjika. Wakaja wengine wengi, mpaka Purity akashindwa kuwajua wote.

Lakini ndani ya nyumba hakuna kilichobadilika. Alikuwa akicheka na simu, kisha akiinua macho anamkuta mama anamtazama kutoka kitandani, jicho moja likiwa limelegea. Siku moja mama alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye simu.

"Unataka nini, baba? Maji?"

Mkono ukabaki pale pale.

Purity akakaa kitandani, akamsomea hadithi ya mwizi wa ndizi. Alipofika mahali pa mwiko, mama alitoa sauti. Ilikuwa aa ambayo Purity hakuwahi kuisikia, fupi, ya kifuani. Hakujua kama ni kicheko au kilio, wala hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Tangu siku hiyo alimsomea kila mchana.

Mama alifariki asubuhi moja ya mvua, Purity akiwa jikoni anakoroga uji. Aliwapigia ndugu zake. Andrew, yule mkubwa, alisema watakuja kutoka Nairobi, asiguse kitu. Majirani wakaja, wakalia, wakarudi kufunga mifugo yao. Walipoondoka Purity akashika simu, akaandika kwa njia pekee aliyoijua.

Aliandika juu ya uji uliokuwa ukichemka. Akaacha mstari mtupu. Aliandika kwamba aliita "baba" mara ya kwanza, na ya pili, na kwamba ile aa haikuja. Akaacha mstari mtupu. Aliandika kwamba uji uliungua. Akaweka kichwa, akaposti kwenye kikundi chake.

Zikaja komenti kama mvua. Ombati aliandika, "Admini, leo umetumaliza." Mwingine akasema, "Hiyo ya uji kuungua ni fundi tu anayeweza." Wakaweka sura za machozi na makofi. Na mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akauliza: "Sehemu ya pili lini?"

Purity alisoma zote. Alitaka kuandika kwamba si hadithi, lakini mikono ilikataa. Aliiweka simu kifudifudi juu ya meza. Baadaye ikaanza kulia. Sauti ilikuwa ya mzee, yenye kikohozi.

"Purity? Ni Subhash. Sijawahi kukupigia, samahani. Hayo uliyoandika ni kweli?"

"Ni kweli."

"Pole, binti. Mnazika lini, na nitashukia wapi?"

Katika watu wote wale, ndiye peke yake aliyeuliza.

Walizika Alhamisi. Andrew alitaka wasifu wa kawaida, alizaliwa lini, alibatizwa lini, aliacha wajukuu wangapi. Purity alisema atasoma wa kwake. Alisimama kando ya kaburi na karatasi yake, akasoma polepole, na kila alipofika penye mstari mtupu alinyamaza. Wazee walikohoa. Wanawake walitazama chini. Hakuna aliyejua kama anapaswa kusema amina. Alipoinua macho akatazama kuelekea langoni, kwa mazoea tu ya mtu anayetegemea wageni, akaona mzee wa Kihindi amesimama peke yake nyuma ya watu, sweta lake limelowa, viatu vyake vya mjini vimejaa matope.

Baada ya maombi mzee yule alimjia.

"Mimi ndiye yule wa mistari mitupu," alisema.

Purity alijaribu kucheka, akalia. Mzee hakumshika wala hakumwambia anyamaze. Alisimama tu karibu naye. Andrew alipofika kuuliza huyu ni nani, Purity alijibu, "Ni rafiki yangu," na Andrew akamtazama dada yake kama mtu aliyemkuta katika nyumba ya watu asiowajua. Kisha Subhash akaamkua wazee kwa Ekegusii cha sokoni, wakampa kiti na sahani ya chakula, naye akala kabichi na wali, nyama akaiacha.

Kabla hajaondoka Purity alimwambia lililokuwa likimchoma.

"Wale watu wote, mzee. Kila siku wananiandikia tuko pamoja, tuko pamoja. Hakuna aliyekuja."

"Hawakujua. Uliwaandikia hadithi, wakasoma hadithi."

"Wewe ulijuaje?"

"Sikujua," alisema Subhash. "Ndiyo maana nilipiga."

Kisha, akichungulia matope ya viatu vyake, akamwambia kwamba Mehul amemkatia tiketi. Angeondoka mwisho wa mwezi kwenda kuishi Uingereza. Daktari anasema moyo wake hauwezi kukaa peke yake. "Hata mimi nilikuwa natafuta namna nzuri ya kuiandika habari hii," alisema.

Aliondoka kweli. Mwanzoni alimwandikia Purity kila siku, kuhusu baridi na wajukuu wasiojua Kiswahili. Baadaye ikawa mara moja moja. Baadaye tena ikawa neno moja chini ya posti: "Nimesoma."

Purity alikaa muda mrefu bila kuingia kwenye kikundi. Siku alipoingia aliandika sentensi chache, bila kichwa, bila pambo. Mama yangu alifariki. Ile haikuwa hadithi. Tulimzika hapa Nyansiongo na sikuwaambia vizuri. Watu wakashtuka, wakaomba msamaha, yule wa sehemu ya pili akaandika mara nyingi mpaka Purity akamsihi aache. Wakasema watakuja kumpa pole, kikundi kizima. Wakapanga Jumapili.

Purity alichemsha chai ya sufuria kubwa na kuazima viti kanisani. Waliofika ni wawili, Ombati na Nyangate.

Ombati, ambaye kwenye simu aliwavunja watu mbavu, alikuwa kijana mpole aliyetazama kikombe chake. Hakusema mzaha hata mmoja. Nyangate aliomba waone kaburi. Waliporudi alimwomba Purity awasomee kitu, naye akawasomea, na viti vile vitupu vya kanisa vikawa vimewazunguka kama watu waliokataa kuketi. Walinyamaza mahali pa kunyamaza. Kisha mawingu yakashuka kutoka upande wa Sotik, na wageni wakasimama waende kabla barabara haijaharibika.

Langoni Nyangate alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Sasa hapa unalala na nani?"

"Mwenyewe."

Nyangate alitazama ile nyumba, akatazama shamba lote mpaka lilikoishia. "Nikifika nitakupigia," alisema. "Si kuandika. Nitapiga."

Alipiga. Alisema amefika, amelowa, na mvua ya Nyakoe ni kubwa kuliko hiyo ya kwenu. Purity alisema haiwezekani. Wakabishana juu ya mvua mpaka simu ya Nyangate ikazimika katikati ya neno. Purity aliosha vikombe, akavifudikiza mezani vikauke, kisha akaanza kusogeza viti vya kanisa kimoja kimoja mpaka ukutani.