Mikia ya Mchanga

Gurudumu la nyuma lilikuwa limezama nusu kwenye tuta la mchanga, na gari lenyewe lilikuwa kwenye sayari ya Mirihi, ambako hakuna wa kulisukuma.

Duniani, katika chumba cha kuliongozea, walikuwa watatu: mkuu wa safari, dereva, na mtaalamu wa upepo aliyezoeleka kwa jina la Bi Mchanga. Dereva alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Miaka yote aliliendesha gari lile akiwa kitini, lakini leo jasho lilimtoka kama mbeba mizigo.

"Turudi nyuma, kaskazini," mkuu alisema. "Tuta hili lilijengwa na upepo wa kaskazini. Upande unaopigwa na upepo, mchanga hushindiliwa. Si wewe uliyetufundisha?"

"Ni mimi, bosi. Lakini upepo huo ni wa zamani." Bi Mchanga alikuza picha iliyotumwa na gari. Nyuma ya kila kokoto kulikuwa na mkia mwembamba wa mchanga, na mikia yote ilielekea kaskazini. "Upepo wa sasa unatoka kusini. Huko tulikotoka unamwaga mchanga mpya, laini kama unga. Tukirudi, tunajizika."

"Na mbele ni mteremko mkali. Likibinuka?"

"Mbele upepo umekwangua, pamebaki pagumu. Twende mbele."

Mkuu alimgeukia dereva. "Wewe?"

"Fahali wawili wanapigana, nyasi ndiyo mimi."

Hakuna aliyecheka. Vumbi lilikuwa limefunika paneli za jua, na chaji iliyobaki ilitosha jaribio moja tu.

"Una uhakika?" mkuu aliuliza.

"Sina. Nina mikia hii tu."

Mkuu alisugua uso kwa viganja. "Mbele."

Dereva alituma amri. Ikabaki kungoja ifike, gari litii, na jibu lisafiri kurudi. Bi Mchanga alikalia mikono yake.

Picha ya kwanza ilikuja imelala upande.

"Linabinuka," shemeji yake alinong'ona.

Ya pili ilichelewa. Ilipofunguka, tuta lilikuwa nyuma, na alama za magurudumu zilikuwa hafifu juu ya ardhi ngumu. Gurudumu moja lilikuwa limepinda vibaya.

"Limetoka!" dereva alipiga meza. "Linachechemea, lakini limetoka! Shemeji, siku nyingine tutafutie sayari isiyo na upepo."

Bi Mchanga alitaka kucheka. Machozi yakamtangulia.